Maoni ya Mtazamaji wa Kawaida kama Uhakiki: Mifano kutoka Kichekesho, Filamu ya Uhalifu na Filamu ya Kutisha ya Gharama Ndogo

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kutofautisha hadhira ya fasihi simulizi, ambayo hudakia, huuliza na hukosoa papo kwa papo, na hadhira ya maandishi, ambayo husoma kimya. Mtazamaji wa filamu hajapewa nafasi ya kuridhisha katika mgawanyo huo. Picha imekwisha rekodiwa na hawezi kuibadilisha, kama vile msomaji asivyoweza kubadilisha riwaya. Lakini hata kabla hajatoka mlangoni huwa ameshatoa hukumu. Haikuchekesha. Muuaji alijulikana mapema. Damu ilikuwa rangi tu. Steringi hafi.

Hukumu hizo ni fupi na aghalabu hazitetewi kwa hoja, na kwa sababu hiyo wataalamu huzipuuza. Makala haya yanadai kwamba kupuuza huko ni hasara, hasa kwa yule anayetaka kujenga istilahi za uhakiki wa filamu kwa Kiswahili. Kila moja ya kauli hizo inabeba ndani yake kanuni ya utanzu fulani, hata pale inapokosea. Tanzu tatu zinachunguzwa hapa, na hazistahili nafasi sawa.

2.0 Kichekesho

Katika kichekesho, maoni ya kawaida yana mamlaka ambayo hayana kwingineko. Mtu asiyecheka hawezi kushawishiwa kwa hoja kwamba alichekeshwa. Hata hivyo, cheko ni jambo la kundi: utani ulioangusha ukumbi mzima huweza kupita bila kicheko mbele ya mtu mmoja aketiye sebuleni kwake. Kwa hiyo kauli “haichekeshi” hueleza filamu, mahali ilipotazamwa na wakati wake kwa pamoja, bila kubainisha ni kipi kati ya hivyo kilichokosekana.

Mfano unaojulikana ni The General (1926) ya Buster Keaton. Hadithi yake inahusu dereva wa garimoshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Katika sehemu moja garimoshi halisi linaporomoka kutoka kwenye daraja linaloungua na kuanguka mtoni, tukio lililopigwa picha katika jimbo la Oregon kwa gharama kubwa mno. Watazamaji wa wakati ule hawakuvutiwa kwa kiwango kilichotarajiwa, na baadhi ya wahakiki waliona kwamba vita na vifo havifai kuchanganywa na mzaha. Keaton alipoteza uhuru wa kutengeneza filamu zake mwenyewe, na mwaka 1928 akaajiriwa na kampuni ya MGM. Mwaka 1989 filamu hiyohiyo iliwekwa katika kundi la kwanza la filamu zilizoteuliwa kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Haielekei kwamba watazamaji wa kwanza walikuwa wajinga. Walidai kichekesho kiwape ahueni, nacho kikawapa mshangao. Utanzu waliouahidiwa haukuwa ule waliouona.

3.0 Filamu ya uhalifu

Hapa maoni ya kawaida hutegemea kipimo kimoja: je, muuaji alijulikana mapema? Kipimo hiki ni halali kwa hadithi za mafumbo, lakini hakitoshi. Tamthilia ya televisheni ya Columbo, iliyoanza kwa filamu ya majaribio mwaka 1968 na kuwa mfululizo mwaka 1971, humwonyesha muuaji akiua mwanzoni kabisa. Mtazamaji anajua kila kitu. Asichojua ni namna mpelelezi mwenye koti lililochakaa, aliyeigizwa na Peter Falk, atakavyokigundua. Taharuki imehamishwa kutoka “nani” hadi “vipi”. Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatashangaa: hadhira ya ngano inajua tangu mwanzo kwamba Sungura atamshinda Fisi, na bado hukaa kusikiliza.

4.0 Filamu ya kutisha ya gharama ndogo

4.1 Kauli ya “imejitahidi”

Utanzu huu ndio wenye mengi zaidi. Mtazamaji wa kawaida hutumia hapa hukumu isiyopatikana sana katika tanzu nyingine: “kwa fedha ile, imejitahidi”. Wahakiki wengi wangeiona kauli hiyo kuwa huruma, si uhakiki. Lakini kauli hiyo inakiri kwamba uhaba ni sehemu ya fani. Katika Halloween (1978), iliyotengenezwa kwa takriban dola 300,000, uso wa muuaji ni barakoa ya bei rahisi ya dukani iliyopakwa rangi nyeupe. Uso usio na hisia yoyote ndio uliotisha, na ulipatikana kwa sababu fedha ya kutengeneza uso mwingine haikuwapo.

Uhaba huohuo ukishindwa kudhibitiwa hugeuza utanzu. Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood ilikusudiwa kutisha. Bela Lugosi alifariki mwaka 1956 akiwa ameacha vipande vichache vya picha, na nafasi yake ikashikwa na mtu asiyefanana naye aliyejifunika uso kwa joho. Watazamaji wakacheka, na bado wanacheka. Inafaa kutambua kwamba katika hali hii hadhira yenyewe ndiyo iliyoihamisha filamu kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, bila ruhusa ya mwongozaji.

4.2 Kauli ya “steringi hafi”

Neno “steringi”, lililotoholewa kutoka Kiingereza, limekuwa katika vinywa vya watazamaji wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Baadhi ya walimu hulisahihisha na kuweka “mhusika mkuu”. Usahihisho huo unapoteza maana. Mhusika mkuu anaweza kufa: Rosa wa Rosa Mistika (1971) ya E. Kezilahabi anajiua, na hakuna msomaji anayelalamika kwamba kanuni ya riwaya imevunjwa. Steringi ni mhusika mkuu aliyewekewa ahadi ya kuishi. Ni dhana ya mkataba kati ya filamu na mtazamaji, na “mhusika mkuu” haina dhana hiyo.

Nguvu ya dhana hii huonekana mkataba unapovunjwa. Katika Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock, mwigizaji mashuhuri Janet Leigh anauawa kabla filamu haijafika nusu. Hitchcock aliagiza watazamaji waliochelewa wasiingizwe ukumbini, kwani aliyechelewa angemsubiri steringi ambaye amekwisha kufa.

Night of the Living Dead (1968) ya George A. Romero inakwenda mbali zaidi. Ilitengenezwa katika jimbo la Pennsylvania kwa takriban dola 114,000, kwa picha nyeusi na nyeupe, na damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, anasalia peke yake hadi asubuhi. Waokoaji wenye bunduki wanamdhania kuwa mmoja wa wafu na kumpiga risasi. Romero alieleza kwamba Jones alichaguliwa kwa sababu alikuwa bora katika majaribio. Lakini filamu ilitoka miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa, na mtazamaji hakuhitaji kuelezwa nia ya mwongozaji ili aone alichokiona. Roger Ebert, akiandika katika Chicago Sun-Times mwaka 1969, alijishughulisha zaidi na watoto waliokuwa ukumbini: vicheko vilikoma, na baadhi yao wakalia. Watoto hao hawakuwa na istilahi, lakini walikuwa wametambua kwamba ahadi imevunjwa.

Mtafsiri anaweza kushawishika kuwaita wafu wa Romero “misukule”. Haifai. Msukule, kwa imani za Tanzania, ana bwana aliyemchukua kwa uchawi na anayemtumikisha. Anayekaribia maana hiyo ni mfu wa White Zombie (1932), filamu ya Haiti ya kubuni, ambamo wafu hufanya kazi katika kiwanda cha sukari cha bwana wao. Wafu wa Romero hawana bwana, hawana kazi na hawana atakayewarudisha. Tofauti hiyo ni kubwa kiitikadi, na tafsiri ya haraka huifuta.

Kuna jambo moja la kisheria linalogusa mada. Jina la filamu ya Romero lilipobadilishwa kabla ya kusambazwa, tamko la hakimiliki lilidondoshwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Mtu yeyote aliweza kuionyesha na kuinakili bila malipo. Watengenezaji walipoteza mapato mengi, ilhali nakala zilienea katika kumbi ndogo, televisheni na kanda za video, mbele ya watu ambao hawakusoma uhakiki wowote. Ilipoteuliwa kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge mwaka 1999, watazamaji hao walikuwa wameijadili kwa miaka thelathini na mmoja.