JINA LA AL-AMIN NA HAKI YAKE

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo: jueni, enyi ndugu, yakuwa baba aliye Mnazi, chini ya milima ya Usambara, na baba aliye Mambasa, wote wawili ni sunna kwao kumpa mtoto jina jema siku ya saba. Na katika majina mema ni Al-Amin. Maana yake ni mtu awekewaye amana akaaminika. Wala si ile "Aamin" inayoitikiwa dua.

Makureshi walimwita Mtume wetu kwa jina hili kabla hajaletewa wahyi. Na usiku wa Hijra, hali maadui wataka kumwua, alimwacha Sayyidna Ali Makka ili awarejeshee watu amana zao. Hiyo ndiyo haki ya jina: amana hurudishwa, hata kwa adui.

Kisha alikuwako Muhammad al-Amin, mwana wa Khalifa Harun ar-Rashid. Mwaka 802 baba yake alimwahidisha Makka, na hati zikawekwa katika Al-Kaaba, yakuwa baada yake ukhalifa utakwenda kwa nduguye, Al-Maamun. Harun akafa mwaka 809. Al-Amin akaivunja ahadi, akamweka mwanawe Musa kuwa mrithi. Ndugu wakapigana, Baghdadi ikazingirwa, naye akauawa mwaka 813. Jina lilibaki, amana ilikwisha potea.

Na katika pwani hii alikuwako Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa Mambasa mwaka 1891. Ilimu nayo ni amana, wala hakuifungia katika Kiarabu peke yake. Alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia watu kwa Kiswahili chao. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hata alipofariki mwaka 1947.

Basi jina halimtoshi mtu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyewekewa mali huhisabiwa amini: ikipotea pasipo yeye kukosa wala kuzembea, halipi, lakini akiitumia pasipo idhini, au akipuuza kuihifadhi, yamlazimu kulipa. Killa mwenye mali ya yatima au ya waqfu mkononi mwake amekwisha itwa Al-Amin, japokuwa jina lake ni jingine. Na ajitazame afuata nyayo za nani.

Wallahu aalam.