Somo: Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma

Wapendwa wazazi na viongozi wa Nyakabere, ninyi wenyeji na ninyi mliokimbia vita,

Familia ikikimbia usiku, mtoto asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni, na magongo yake hubaki nyumbani. Tukifika mahali penye usalama, ndugu zake huandikishwa shuleni. Yeye hubaki kulinda vyombo. Mara nyingi hakuna direkta aliyemkataa: sisi wenyewe hatukumpeleka, kwa kuwa tunadhani masomo ni ya watoto wazima. Ndiyo maana leo tunajifunza sheria inasema nini na ilitoka wapi.

Zamani, kipofu au kiziwi akisoma, alisoma kwa huruma ya watu. Vituo vilifunguliwa mijini, kama Heri Kwetu kule Bukavu. Hatuvidharau hata kidogo, vimesaidia wengi. Lakini kutoka bonde la Ruzizi mpaka Bukavu ni mbali, na barabara yetu mnaijua.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliukubali mwaka 1990. Kifungu cha 23 kinamtaja mtoto mwenye ulemavu, ila kinasema atasaidiwa bure «ikiwezekana». Neno hilo ni dogo, lakini serikali yoyote inaweza kujificha nyuma yake.

Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ulisema kwa nguvu zaidi. Kifungu cha 24 kinakataza kumtoa mtoto kwenye shule ya msingi ya bure kwa sababu ya ulemavu wake. Tena kinataka asome pamoja na wengine pale jamaa yake inapoishi. Kifungu cha 11 kinataka watu wenye ulemavu walindwe hata wakati wa vita na misiba. Mkimbizi naye yumo.

Hapa Kongo, Katiba ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 43 kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani katika elimu kwa sababu ya kabila lake au mahali anapoishi. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu ulinzi wa pekee, na kiliahidi sheria ya kuutekeleza. Mkataba ule wa ulemavu nchi yetu iliukubali mwaka 2015, na sheria iliyoahidiwa ilitoka tarehe 3 Mei 2022. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka wa Katiba alikuwa na karibu miaka 16 sheria yake ilipofika. Minervali ya shule ya msingi nayo ilianza kuondolewa kweli mwaka 2019 tu.

Kwa nini ilichelewa? Kwetu sisi, sababu moja ni kwamba wenye shida hii hawakusimama pamoja. Ndugu zetu waliohamia Marekani wanakuta huko sheria ya mwaka 1975 inayolazimisha shule za serikali kumpokea kila mtoto mwenye ulemavu. Haikushuka kutoka mbinguni. Kabla yake, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili katika jimbo la Pennsylvania walijiunga, na mwaka 1971 wakaenda kortini, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakifungiwa mlango wa shule.

Sisi tunaweza kujiunga vilevile, hata kama mzee mmoja ni Mfuliiru, mwingine Mvira, mwingine Mrundi au Munyamulenge. Tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipolipuka Sange, zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi walibaki na makovu na viungo vilivyokauka. Moto ule haukuuliza mtu kabila lake. Wazazi waliouguza watoto wao kitanda kwa kitanda hospitalini wanaweza pia kukaa benchi moja mbele ya direkta.

Basi kamati ya wakimbizi na chefu waandike pamoja majina ya watoto wote wasiosoma, kambini na kijijini, bila kuwaruka wanaofichwa ndani. Kisha waende kwa direkta wakiwa wawili watatu, kwa heshima, na barua mkononi. Wasianze kwa kutisha kwa sheria. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi naye amechoka. Waulize mambo madogo: asiyesikia vizuri anaweza kukaa mbele, amwone mwalimu mdomoni? Asiyetembea anaweza kusomea darasa lisilo na ngazi? Choo je, ataingiaje? Vijana wanaweza kutengeneza njia ya udongo kwa siku moja.

Direkta akikataa, aombwe kuandika sababu yake kwenye karatasi, na karatasi hiyo ipelekwe kwa inspekta. Tumeona kwamba wengi, wakiombwa kuandika, hutafuta nafasi kwanza.

Katika kundi lenu, kabla ya kuachana, kila mmoja ataje mtoto mmoja anayemjua ambaye kesho asubuhi hataenda shuleni.