Mafahali Wawili Zizini: Jinsi Maunzi ya Tarakilishi Yanavyotumia Kumbukumbu Moja

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa ndani ya tarakilishi mafahali hao hulazimika kukaa pamoja, na kwamba kinachowazuia kuumizana ni mkataba uliotungwa kwa makini. Mfano tutakaouchambua ni kiolesura kiitwacho dma-buf, kilichoandikwa na Sumit Semwal wa shirika la Linaro na kuingizwa katika keneli ya Linux, toleo la 3.3, lililotolewa mwezi wa Machi mwaka 2012. Keneli ni kiini cha mfumo endeshi, nayo draiva ni programu inayosimamia kifaa fulani, kwa mfano kamera au kadi ya michoro.

Chimbuko la Tatizo

Tuchukue kamera inayopeleka picha kwenye skrini. Picha moja yenye nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikichukua baiti 4, ina baiti 8,294,400. Picha 30 kwa sekunde hufikia takriban baiti milioni 249. Iwapo draiva ya kamera ina hifadhi yake na draiva ya skrini ina yake, sharti mzigo huo wote unakiliwe kila sekunde, ilhali picha yenyewe haijabadilika hata nukta moja. Betri huisha na kazi huchelewa.

Hapa Kiswahili chatusaidia kufikiri. Kugawana ni kila mtu kupata fungu lake. Wanaokula sinia moja hawakugawana chakula, wanashirikiana. Kunakili ni kugawana. Kiolesura cha dma-buf ni sinia. Mwanafunzi akitumia neno "kugawana" kwa dhana zote mbili, kiini cha tatizo humponyoka, kwa maana adabu ya kula pamoja huhitajika pale ambapo sinia ni moja.

Kanuni Nne za Mkataba

Kwanza, umiliki. Draiva moja huwa mwenyeji, nayo ndiyo yenye dhamana ya kumbukumbu hiyo. Nyingine huwa wageni. Mgeni hubisha hodi, kisha huomba aonyeshwe anwani ambazo kifaa chake kinaweza kuzifikia. Akimaliza huzirejesha na kuaga.

Pili, masharti. Kuna vifaa visivyoweza kufikia anwani zilizo nje ya gigabaiti 4 za kwanza. Vingine huhitaji kumbukumbu isiyokatikakatika. Kwa sababu hiyo, kubisha hodi kumetenganishwa na kuonyeshwa anwani: mwenyeji anaruhusiwa kuahirisha utengaji wa kumbukumbu hadi asikie masharti ya wageni. Anayechelewa kuja na sharti lisilotimizika aweza kukataliwa.

Tatu, hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila hifadhi ya pamoja huwakilishwa kama faili iliyo wazi. Programu moja yaweza kuikabidhi nyingine faili hiyo, nayo keneli huweka hesabu ya wanaoishikilia. Kumbukumbu huachiliwa pale tu wa mwisho anapoiacha. Bila daftari hili, kamera ingeweza kuandika picha mahali ambapo pameshapewa programu nyingine, na siri za mtumiaji zikafichuka.

Nne, zamu. Skrini isisome picha ambayo kadi ya michoro haijamaliza kuichora. Kwa hivyo hifadhi hiyo hubandikwa kile ambacho wahandisi hukiita uzio, yaani ahadi kwamba kazi fulani itakwisha. Sharti lake ni kali: ahadi ikishatolewa lazima itimie katika muda wenye kikomo. Ahadi mbili zikingojeana, kazi zote hukwama.

Mipaka ya Mkataba

Hata hivyo, mkataba huu hausemi kila kitu. Kiolesura chenyewe hakielezi mpangilio wa rangi katika picha. Programu zinazokitumia ndizo hukubaliana kuhusu hilo. Aidha, maumbile ya mashine yana neno lake. Toleo la 4.20 la Desemba 2018 liliongeza njia ya vifaa vya PCI kupelekeana data moja kwa moja bila kupitia kumbukumbu kuu, lakini keneli hukagua kwanza njia iliyo baina yavyo, kwani si kila mashine inayoweza kupitisha data kati ya vifaa vilivyo kwenye matawi tofauti.

Hitimisho

Mijadala yetu ya istilahi imeelemea mno kwenye majina ya vitu: tuseme tarakilishi au kompyuta? Swali hilo lina nafasi yake, ila lugha haithibitishi uwezo wake kwa majina pekee. Huuthibitisha pale inapoweza kueleza ni nani anayemiliki, nani anayengoja na nani anayewajibika. Katika uchambuzi huu, maneno mwenyeji, mgeni, hodi, daftari na zamu hayakuundwa na kamati yoyote. Tumeyakuta barazani, nayo yamebeba mzigo. Tunawahimiza wanafunzi na wahadhiri wayapime pamoja na wenzao wa sayansi ya tarakilishi. Panapopwaya, waseme. Neno lililojaribiwa na mhandisi kazini lina nguvu kuliko lile lililofungiwa kamusini.