Kuhamia Jamhuri ya Dominika na Mbwa Wako: Anza na Kalenda, Tiketi Baadaye

Visiwa vya Karibi havina sheria moja kuhusu mbwa. Barbados na Jamaika, ambako wanyama wa nchi kavu hawana kichaa cha mbwa, zinalinda sana mipaka yake, na mgeni mwenye mbwa hawezi kushuka tu na kamba mkononi. Jamhuri ya Dominika ni tofauti. Ugonjwa huo upo nchini, kwa hiyo mbwa mwenye hati kamili huingia siku hiyohiyo bila kuwekwa karantini. Ndiyo maana wahamiaji wengi wenye wanyama huichagua.

Lakini mlango wa mbele ukiwa mpana haina maana njia nzima ni pana. Shida kubwa ziko kabla ya kufika na siku utakapotaka kurudi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Usichanganye majina

Jamhuri ya Dominika iko katika kisiwa cha Hispaniola, pamoja na Haiti. Mji mkuu ni Santo Domingo, lugha ni Kihispania, fedha ni peso. Dominica ni kisiwa kingine kidogo, mji mkuu wake Roseau, na huko wanazungumza Kiingereza. Hati ya afya iliyoandikwa jina la nchi usiyokwenda haikusaidii kitu, kwa hiyo soma jina la nchi mara mbili kabla daktari hajagonga muhuri.

Miezi sita kabla

Hesabu kutoka siku ya kuruka kurudi nyuma, na utaratibu wenyewe usigeuzwe.

Kwanza chipu. Mbwa awekewe chipu ya kimataifa yenye tarakimu 15, na namba yake iandikwe kwenye kila karatasi. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi katika nchi nyingi, hata kama kitabu cha kliniki kinaionyesha.

Pili, chanjo ya kichaa cha mbwa. Jamhuri ya Dominika yenyewe inataka ziwe zimepita angalau siku 30 tangu kuchanjwa.

Tatu, damu. Jamhuri ya Dominika haiitaki, ila njia unayopita huenda ikaitaka. Damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha hupelekwa maabara iliyoidhinishwa kupima kinga. Kiwango kinachokubalika ni uniti 0.5 kwa mililita au zaidi.

Karibu na safari ndipo inapokuja hati ya afya, pamoja na dawa ya minyoo, kupe na viroboto. Kenya, hati ya kusafirisha mnyama hupitia Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete. Tanzania, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Anayeishi Marekani humtumia daktari wa mifugo aliyesajiliwa na serikali ya shirikisho, kisha hati huidhinishwa na wizara ya kilimo ya huko. Beba nakala tatu, na moja iwe na tafsiri ya Kihispania.

Ulaya au Marekani?

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja. Utapita Ulaya, kwa mfano Madrid au Paris, au utapita Marekani. Hapo ndipo damu inapodai haki yake.

Mbwa anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka Kenya au Tanzania husubiri miezi mitatu tangu siku damu ilipochukuliwa. Ukijumlisha na siku 30 za chanjo, ni miezi minne hata mambo yote yakienda sawa. Anayepita kama mzigo bila kutoka eneo la uwanja huwa na masharti mengine, kwa hiyo uliza shirika la ndege na upate jibu kwa maandishi.

Marekani ilibadilisha sheria tarehe 1 Agosti 2024. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyechanjwa huko lazima awe na umri wa miezi sita au zaidi, awe na chipu, fomu maalumu iliyothibitishwa na serikali, na nafasi iliyowekwa mapema katika kituo cha wanyama kilichosajiliwa kwenye viwanja vichache tu, kama Miami au JFK mjini New York. Asiye na kipimo cha damu hukaa karantini siku 28, kwa gharama yako. Masharti haya huweza kumhusu hata mbwa anayebadilisha ndege tu. Kama huna sababu nyingine ya kugusa Marekani, pitia Ulaya.

Ndani ya ndege

Mbwa mdogo huweza kukaa chini ya kiti cha mbele. Mashirika mengi yanaweka kikomo cha takriban kilo 8 pamoja na mfuko wake. Mkubwa huenda sehemu ya mizigo katika kizimba kigumu anamoweza kusimama, kugeuka na kulala. Mnunulie mwezi mmoja kabla, alie chakula humo na alale humo, ili siku ya safari akione kama nyumba yake. Usimpe dawa ya usingizi. Mashirika mengi humkataa mbwa aliyeleweshwa, kwa kuwa dawa huvuruga kupumua na mapigo ya moyo akiwa angani.

Jamii za pua bapa, kama pagi na buldogi, hukataliwa sehemu ya mizigo mara nyingi. Mashirika mengine husimamisha kabisa kupakia mbwa joto likipita nyuzi 29 hivi, na Karibi katikati ya mwaka hilo ni jambo la kila siku. Safiri kati ya Desemba na Machi, ukichagua ndege inayotua asubuhi au usiku.

Uwanjani

Wewe mwenyewe utajaza fomu ya mtandaoni iitwayo E-Ticket, ambayo ni bure. Mbwa hukaguliwa na maafisa wa Dirección General de Ganadería, idara ya mifugo iliyo chini ya wizara ya kilimo. Andaa pesa taslimu kidogo za ada, na uombe risiti.

Maisha ya huko

Aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam atalifahamu joto hili. Mbwa aliyelelewa Nairobi, Arusha au London hatalifahamu. Mtembeze alfajiri na baada ya jua kuzama. Umeme hukatika mara kwa mara, na Wadominika huita hali hiyo *apagón*. Tafuta nyumba yenye betri za akiba zinazoweza kuendesha feni. Majengo mengi yenye uzio huwa na kanuni zao kuhusu wanyama, kwa hiyo ruhusa iandikwe ndani ya mkataba wa pango. Swali la kujifunza ni moja: *¿Aceptan mascotas?* Yaani, mnapokea wanyama?

Mbwa koko huitwa *viralata*, yaani mpindua makopo. Ni wengi, na wengi wao ni wapole kuliko mbwa wa walinzi walioko nyuma ya mageti. Mshike wako kwa kamba. Kichaa cha mbwa hubebwa pia na nguchiro, walioletwa visiwani karne ya 19 wale panya wa mashamba ya miwa. Mbwa akipigana na nguchiro, nenda kliniki siku hiyohiyo.

Yako mengine manne ya kuangalia. Mbu hueneza minyoo ya moyo, kwa hiyo kinga ya kila mwezi isikose hata mwezi mmoja. Mafuriko huleta leptospirosisi, ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la homa ya mgunda tangu mlipuko wa Lindi mwaka 2022. Iko chanjo yake. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye kidonda kibichi, na funza wake hula nyama hai, kwa hiyo kagua mwili wa mbwa kila jioni. La nne ni chura mkubwa aitwaye *maco pempén*, ambaye ngozi yake ina sumu. Mbwa akimng'ata, mfute ufizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, pua ikielekea chini asimeze maji, kisha mkimbize kwa daktari.

Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga Fiona kilipiga mashariki ya nchi Septemba 2022. Usitegemee kwamba kituo cha hifadhi kitapokea mbwa; panga mapema na rafiki mwenye nyumba ya zege iliyo mbali na mto.

Kabla hujafunga mlango nyuma yako

Jamhuri ya Dominika nayo imo katika ile orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Anayehama kutoka Marekani na mbwa aliyechanjwa huko ahakikishe fomu ya chanjo ya Marekani imejazwa na kuidhinishwa kabla ya kuondoka, maana akiisahau mbwa wake atahesabiwa kama aliyechanjwa nje. Anayetarajia kurudi Ulaya apime damu kabla ya kuhama, na asiiache chanjo ipitwe na tarehe hata kwa siku moja. Ikipitwa, kipimo cha zamani hakifai tena na hesabu huanza upya.

Kwa hiyo kabla hujaulizia nauli, mpeleke mbwa wako akawekewe chipu. Muda ukiwa haukutoshi, sogeza mbele tarehe ya ndege. Siku 30 za chanjo hazipunguzwi kwa ajili ya mtu yeyote.