Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Kusoma: 2 Wafalme 4:8-17, Warumi 12:13, 1 Petro 4:9



Somo la wiki hii linatoka Shunemu, lakini naomba mnivumilie tupitie Marekani kwanza, kwa sababu ni huko nilisaidiwa kulielewa andiko hili.

Kuna dada aliyeimba kwa kwaya yetu miaka ile tulikuwa bado tunaabudu kwa hema. Siku hizi yeye na mumewe wanaishi Maryland, karibu na mji wa Annapolis. Hapo kuna chuo cha kijeshi cha wanamaji wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka wa 1845. Kila mwaka kinapokea vijana zaidi ya 1,000, wavulana kwa wasichana, wengi wao ndio tu wamemaliza shule ya upili. Siku ya kuripoti wavulana wananyolewa, wote wanapewa sare, wanakula kiapo, na jioni wazazi wanaambiwa waage. Zinafuata wiki sita hivi za mazoezi makali, na simu zimechukuliwa. Hata masomo yakianza, wa mwaka wa kwanza hatembei bwenini kama watu wengine. Anakimbia katikati ya ukumbi, akifika kwa kona anageuka kwa pembe kali kama ya mraba, tena akipaza sauti. Hapo ndipo anapolala, na hapo hapo ndipo anapokaripiwa.

Sasa, familia za mjini zina sehemu yao. Familia ikitaka kupokea mwanafunzi inajaza maombi, inakaguliwa, halafu inapewa mmoja, wawili au zaidi. Hailipwi. Jumamosi wakiruhusiwa kutoka, wa mwaka wa kwanza wanaenda kwa hizo nyumba wakiwa na sare zao, bila gari, na wasipite mpaka wa maili 22. Hizo maili zinapimwa kutoka kwa kanisa la chuo. (Nilipenda hiyo sana, kwamba kipimo kinaanzia kanisani.) Wengine huendelea na familia ile ile miaka yote minne, na hata baada ya hapo.

Nilipompigia dada huyo nilikuwa na kalamu na daftari. Mnajua nilisomea biashara. Nilikuwa nimeanza kuandika mpango wa kanisa letu kupokea wanafunzi, na nilitaka kujua ratiba yao, mada wanazofundisha, na jinsi wanavyopima matokeo. Akacheka mpaka nikatoa simu kwa sikio.

"Pasta," akasema, "wanalala."

Kijana anaingia, anasalimu, anavua viatu, na kabla chapati ya kwanza haijageuzwa amelala kwa kochi. Mwaka wa kwanza dada aliudhika kidogo. Alikuwa amepika pilau na kualika majirani waje wamwone mgeni, na mgeni akawa anakoroma. Mumewe ndiye alimtuliza: "Mama watoto, mwache. Huko anakotoka hakuna anayemwacha alale." Tangu siku hiyo kazi yake imekuwa ni blanketi, chakula kinachoweza kungoja, na mashine ya kufulia iliyo wazi. Maombi wanafanya wakati wa kula, mafupi. Anayetaka zaidi anajua ataomba nani.

Halafu akaniambia habari ya kijana wa Novemba. Ilikuwa mwaka alipewa wawili. Mmoja alikuwa kimya, na jioni moja, akimsaidia kuosha sufuria, akasema anataka kuacha chuo. Utaratibu wao unaruhusu. Mwanafunzi anaweza kuondoka kabla ya mwaka wa tatu kuanza bila kudaiwa utumishi wowote. Akishaanza mwaka huo amejifunga, na atatumika angalau miaka mitano baada ya kuhitimu. Dada anasema Yoshua 1:9 ilimfika mdomoni. Aliimeza. Akamwambia, "Chukua hiyo sufuria nyingine." Wakaosha zote, kisha akamwuliza kama wazazi wake wanajua. Hawakujua. Akampa chumba na simu, akafunga mlango.

Kijana aliondoka Desemba.

Dada alilia. Jumamosi zote hizo, chakula chote hicho, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama alikosea kunyamaza. Mwezi wa Mei wanafunzi wa mwaka wa kwanza humaliza mwaka wao kwa kupanda mnara wa mawe unaoitwa Herndon, futi 21, uliopakwa mafuta. Hakuna mtu anayeweza kuupanda peke yake. Wanasimama juu ya mabega ya wenzao, wanateleza, wanaanguka, mpaka mmoja afike juu aondoe kofia ya mwaka wa kwanza na kuweka ingine. Siku hiyo simu ya dada ililia. Ni yule aliyeondoka, yuko kwao, anauliza kama kofia imefika juu. Na akauliza kama yule mwenzake bado analala kwa kochi.

Nilikuwa karibu kumwuliza, "Kwa hivyo faida ilikuwa nini?" Nikaona haya.

Turudi Shunemu. Yule mama alimwona Elisha akipita, akamshurutisha ale. Baadaye akamwambia mumewe wajenge chumba kidogo juu, waweke kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Angalia orodha hiyo vizuri. Kila kitu hapo ni cha mtu aliyechoka au mtu mwenye kazi yake. Hakuna kiti cha pili cha mwenye nyumba kuketi amwulize maswali. Na Elisha alipotaka kumlipa, akimwuliza kama aombewe neno kwa mfalme au kwa jemadari wa jeshi, mama akajibu kwamba anakaa kati ya watu wake. Yaani hadai kitu. Mtoto alikuja baadaye, na mama hakuwa amemwomba. Sisi tukihubiri sura hii tunakimbilia mtoto, kwa sababu muujiza unapendeza. Kile chumba kilijengwa kabla, na yule mama hakujua kama kuna muujiza unakuja.

Sasa wacha niseme yangu. Muhula uliopita kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akiketi nyuma, karibu na spika ya kushoto. Kila Jumapili nilimsalimu kwa mkono nikamwambia, "Karibu nyumbani." Nilimwambia hivyo kama mara kumi. Wiki ya kumi na moja kiti kilikuwa wazi. Nilipompata kwa simu alikuwa amesharudi kwao kwa sababu ya karo na mambo mengine. Akasema ibada ilikuwa nzuri, ila Jumapili mchana ndiyo ilikuwa ngumu, watu wote wakienda kula na yeye akirudi hosteli kungoja Jumatatu. Aliniambia kwa heshima sana, bila lawama. Afadhali angenilaumu. Nyumba ambayo nilikuwa namkaribisha kila wiki, sikuwa nimewahi kumwonyesha iko upande gani.

Kwa hivyo ule mpango wangu nimeufuta karibu wote. Nimebakisha mambo machache. Anayetaka kupokea mwanafunzi aongee na wazee kwanza, na wazee watatembelea nyumba, kama vile wale wa Annapolis wanavyokaguliwa. Wapendwa, hili tusilionee aibu, mtoto wa mtu si wa kupeana ovyo. Wasichana wataenda wawili wawili, kwa nyumba yenye mama. Asitumwe mwanafunzi kulea watoto wala kufua nguo za mwenye nyumba. Akitaka kusaidia kuosha vyombo, sawa. Mwenye nyumba ya chumba kimoja asijitoe kwenye orodha, sahani moja ya sukuma na ugali kila Jumapili inatosha, mradi ni kila Jumapili. Mtu akialikwa mara moja kwa karamu kubwa kisha asiitwe tena, anajua alikuwa mapambo.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii, someni Wafalme mpaka mstari wa 17, halafu kila mmoja ataje nyumba moja aliyoweza kulala akiwa mgeni bila kujieleza. Baadaye mjadili 1 Petro 4:9, lile jambo la manung'uniko. Tunanung'unikia nini hasa, gharama, au kwamba mgeni hakushukuru?

Majina ya wanafunzi 14 yako kwa mama wa ofisi. Mimi na mke wangu tumechukua wawili, na wanakuja Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Kochi letu ni fupi, lakini tumepata godoro la kuweka chini, na watoto wameambiwa wasiwashe runinga.