MSAIDIE NDUGU YAKO: ULEVI BARABARANI NA WAJIBU WETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika somo letu la mwaka huu tumechagua jambo linaloingia majumbani mwetu bila kubisha hodi: watu wanaouawa na kulemazwa na madereva waliolewa. Wapo wanaosema jambo hili halituhusu kwa kuwa sisi hatunywi. Hoja hiyo haisimami. Anayekunywa ni mmoja, lakini barabara tunapita sote. Na tukisema kweli, mlevi si mtoto wa jirani peke yake.

MSINGI WA SOMO

Katika hadithi aliyoisimulia Anas bin Malik (R.A.), iliyopokewa na Imam Bukhari, Mtume (S.A.W.) alituamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa ni mwenye kudhulumiwa, na hata akiwa ni mwenye kudhulumu. Masahaba walishangaa, wakauliza vipi dhalimu atasaidiwa. Wakafahamishwa kuwa msaada wake ni kumzuia asidhulumu.

Hadithi hii inatupa kazi mbili katika suala letu: kumzuia mlevi asishike usukani, na kumsimamia aliyeumizwa. Mwenye kufanya moja akaacha ya pili amefanya nusu ya kazi.

ULEVI UNAFANYA NINI

Allah (S.W.) ameharamisha ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, na Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa kila kinacholevya ni haramu. Kwa hiyo gongo, bia, tembo lililochacha na bangi vyote vimo. Tuongeze kuwa mirungi humdanganya dereva kwamba hajachoka, kisha uchovu humwangukia ghafla. Hata baadhi ya dawa halali za mafua na mzio huleta usingizi. Anayezitumia na amuulize mfamasia kabla ya kuendesha.

Pombe haingoji mtu apepesuke ndipo imdhuru. Mapema kabisa hupunguza uwezo wa kukadiria umbali na huchelewesha maamuzi. Hebu tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichelewa kukanyaga breki kwa sekunde moja tu, gari limekwenda zaidi ya hatua ishirini, na mtoto anayevuka yumo ndani ya hatua hizo. Wala kahawa nzito au maji baridi hayaondoi pombe mwilini. Kinachoiondoa ni muda, ini likifanya kazi yake taratibu.

KAZI YA KWANZA: KUMZUIA

Imam Bukhari amepokea pia kutoka kwa Nuuman bin Bashir (R.A.) mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa jahazi wapate maji kwa urahisi. Wakiachwa, wote wanazama. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Basi abiria anayemwona dereva amelewa akanyamaza kwa haya, naye yumo ndani ya jahazi hilo.

Tufanye nini?

1. Tusipande gari wala bodaboda ya dereva anayenuka pombe, hata kama nauli tumeshatoa. Nauli hulipwa tena.
2. Abiria waseme kwa umoja, na watoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani au kwa namba ya dharura 112. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha kwa ulevi wa pombe au wa dawa.
3. Jamaa yetu akilewa, tumfiche funguo na tumtafutie mtu wa kumrudisha nyumbani. Atakasirika usiku, asubuhi atashukuru.
4. Wanafunzi wadogo wasibishane na mlevi. Kazi yao ni kumwambia mzazi, mwalimu au mtu mzima aliye karibu.

KAZI YA PILI: KUMSAIDIA ALIYEUMIZWA

Ajali ikitokea, watu wetu hukimbilia. Hilo ni jema, lakini lina adabu zake. Majeruhi asivutwe ovyo, kwani shingo au uti wa mgongo huenda umeumia. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi. Asinyweshwe maji, wala asipigwe picha za kusambazwa, kwani hiyo ni kumdhulumu mara ya pili.

Hospitalini huhitajika damu. Kijana mwenye afya aliyetimiza miaka 18, na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia. Asisubiri ajali ya ndugu yake.

Kazi nzito zaidi huja tanga likishaanuliwa. Wageni wameondoka, na aliyevunjika mguu yuko kitandani, watoto wake wanataka ada na chakula. Hapo ndipo panapohitajika watu wa kujitolea: wa kumpeleka kliniki, wa kusomesha watoto wake jioni, wa kufuatilia fomu ya polisi ya PF3, na wa kuisaidia familia kudai fidia ya bima. Bima ya kuwakinga watu wengine ni lazima kisheria kwa kila gari, lakini familia nyingi hazijui kuwa zina haki hiyo.

MFANO WA WALIOJITOLEA

Hekima ni kitu cha kuokotwa popote ilipo. Mwaka 1980, huko California, Marekani, binti wa miaka 13 aliuawa na dereva mlevi aliyekuwa ameshakamatwa kabla kwa kosa hilo hilo. Mama yake, Candy Lightner, alianzisha chama cha akina mama wa kupinga ulevi barabarani, kinachojulikana kwa kifupi kama MADD. Watu wao wa kujitolea hukaa na wafiwa, huwasindikiza mahakamani, na huwapa nafasi waathirika waeleze mbele ya waliokosa yale yaliyowapata.

Walidai pia sheria kali zaidi. Mwaka 1982 Marekani ilipoteza watu zaidi ya 21,000 kwa madereva walevi. Mwaka 2019 walikuwa karibu 10,000. Hata hivyo mwaka 2021 idadi ilipanda tena kupita 13,000. Funzo ni kuwa juhudi huokoa roho, na zikilegea, maafa hurudi.

KUSITIRI AU KUFICHA?

Hapa pana mtihani mkubwa. Dereva aliyeua akiwa ni shemeji au mjomba wetu, wazee hukutana na kusema tumsitiri, haya ni makadirio ya Mungu. Shahidi huambiwa aseme breki zilikatika. Mfiwa huambiwa asamehe kabla hajazika.

Ni kweli kumsitiri Mwislamu kuna fadhila. Lakini kusitiri ni kwa aibu iliyo baina ya mja na Mola wake, si kwa haki ya mtu iliyomwagika barabarani. Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Na aya ya 92 ya sura hiyo hiyo imeweka diya kwa familia ya aliyeuawa kwa kukosea, isipokuwa wao wenyewe wakiisamehe. Basi msamaha ni mali ya waliofikwa. Hakuna mzee wa kuugawa kwa niaba yao. Wala ulevi wa hiari haumwondolei mtu dhamana ya roho aliyoipoteza.

Tukisema kweli hatujamtupa ndugu yetu. Tumemsaidia kutubu, kulipa, na kutorudia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza namna mbili za kumsaidia ndugu kama zilivyo katika hadithi ya Anas (R.A.).
2. Gari linakwenda kilomita 90 kwa saa. Linapita mita ngapi kwa sekunde moja?
3. Kuna tofauti gani baina ya kusitiri aibu na kuficha ushahidi?
4. Kaeni na wazazi mumtaje mtu mmoja wa mtaani kwenu aliyelemazwa na ajali. Mtamfanyia nini wiki hii?

Tunamwomba Allah (S.W.) atulinde njiani, awaponye majeruhi wetu na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.