Motokaa Ikikataa Kuwaka

Fikirini usiku ambapo mgonjwa amekwisha kupakiwa apelekwe hospitali, na motokaa yakataa kuwaka. Kila mtu husema, "Betri imekufa." Kesho yake mwenyewe hutoa fedha nyingi kununua mpya, kumbe pengine ubaya ulikuwa katika waya tu. Basi yafaa kupima kwanza.

Zamani injini ilizungushwa kwa mkono na hendeli, nayo iliweza kurudi ghafula ikavunja mkono wa mtu. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza motokaa zenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Stata hula umeme mwingi sana kwa mara moja. Kwa hiyo kiungo kimoja kilicholegea chatosha kuizuia.

Tia breki ya mkono na gia huru, uwashe taa kubwa. Mmoja azungushe ufunguo, mwingine atazame na kusikiliza.

1. Taa zikififia sana, au ukisikia ta-ta-ta-ta upesi upesi, umeme hautoshi. Tazama vichwa vya betri. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visafishe, vikilegea, vikaze. Visipokuwa na kosa, betri ipimwe: ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.6, ikishuka chini ya 12 imekwisha umeme, na yataka kuchajiwa kabla ya kulaumiwa.

2. Taa zikibaki na nuru, na mlio ni mmoja tu, "ta!", shaka ni stata au swichi yake.

3. Taa zina nuru wala hakuna mlio: angalia fyuzi, na waya mwembamba uendao katika stata.

4. Stata ikilia peke yake na injini imetulia, meno yake hayashiki.

5. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, stata haina kosa. Tazama mafuta, na kwa gari la petroli, moto wa plagi.

Hadhari: kabla ya kusafisha, zima kila kitu, ufungue kwanza waya wa hasi, na uufunge mwisho. Sigara na moto viwe mbali, maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka, na maji yake huunguza ngozi na macho.

Dereva na ayajaribu haya mchana, gari likiwa zima, ili usiku wa mgonjwa usimkute akibahatisha.